Uliza Daktari wa Wanyama: Kinyesi Kwanza, Hadithi Baadaye

Wiki mbili zilizopita kijana wa boda boda aliingia kliniki nikiwa nakunywa chai. Akaweka kaveera, mfuko mweusi wa plastiki, mezani, karibu kabisa na sahani ya mandazi, akasema, "Nyabo, nimetumwa. Ni mavi ya mbwa." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akingoja nimfokee. Nilimshukuru, nikampa andazi, nikamwomba amwambie aliyemtuma kwamba yeye ndiye mteja wangu bora wa mwaka.

Wengi huja na hadithi tu. Mbwa "hana raha". Paka "amelogwa na jirani". Aliyeona vizuri ni dada wa kazi, naye amekwenda kwao. Nikiuliza kinyesi kilikuwaje, mwenye mbwa ananitazama kama nimemtukania mama. Lakini utumbo hauna mdomo mwingine wa kusemea. Kinyesi kikiwa kingi na chepesi, na mnyama anakonda, mara nyingi tatizo liko juu, kwenye utumbo mwembamba. Kikitoka kidogo kidogo mara kumi kwa siku, kina ute na damu mbichi, na mbwa anajikamua, tatizo liko chini, kwenye utumbo mpana. Kikiwa cheusi kama lami, damu imetoka juu na imeshasagwa njiani. Hayo yote unayaona uani kwako kabla hujanilipa hata shilingi.

Kijiko kimoja cha chai kinatosha, cha asubuhi hiyo hiyo, kwenye kikopo chenye kifuniko. Nakikoroga katika maji yaliyotiwa chumvi mpaka haiyeyuki tena. Mayai mengi ya minyoo huelea, nayadaka kwa kioo na kuyatazama kwa hadubini. Kikinifikia kingali na joto, hata Giardia, kijidudu cha utumboni, naweza kumwona akiogelea. Barua za mwezi huu karibu zote ni za tumbo, basi tumbo na liwe.

*Nyabo daktari, nilinunua mtoto wa mbwa wa wiki nane kando ya barabara. Muuzaji aliapa kwamba amechanjwa. Siku ya tano alikataa kula, akatapika povu, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo mpaka leo iko puani mwangu. Duka la dawa walinipa Flagyl. Alikufa usiku wa pili. Watoto wanalia wanataka mwingine. Ninunue? — Baba wa watoto watatu, Kawempe*

Pole sana, baba, na watoto uwape pole zangu. Sikumpima, lakini umri, harufu na hesabu ya siku vyote vinaelekea kwenye parvo. Virusi hivi huchukua siku 3 mpaka 7 tangu viingie hadi mbwa augue, kwa hiyo huenda alikuja navyo, au alivizoa siku ile ile ulipomnunua. Si ugonjwa wa kale. Mbwa wa bibi yangu hawakuujua. Ulijitokeza duniani mnamo 1978 na ukazunguka mabara kwa muda mfupi tu. Virusi vyake vilitokana na vile vinavyoua paka, au na ndugu zao wa karibu.

Nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutamlaumu mke wako kwa maziwa aliyompa. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vidole vidogo mno, kama nyuzi za taulo, na hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Seli zake hazikai sana. Huzaliwa chini, kwenye vishimo vilivyo kati ya vidole, hupanda taratibu, na baada ya siku chache hufika nchani na kudondoka. Parvo hutafuta seli zinazogawanyika, basi huenda moja kwa moja kwenye vishimo. Wazazi wakifa, vidole havina mrithi, vinalala. Taulo inakuwa shuka. Chakula hakinyonywi, maji yanavuja, na bakteria waliokuwa wamekaa kwa amani ndani ya utumbo wanaingia kwenye damu. Na virusi hivyo hivyo vimeshapita kwenye uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyeupe za damu. Askari wamekufa usiku ule ule wezi wanaruka ukuta.

Flagyl ya kumeza ingefanya nini hapo? Mbwa anayetapika haimkai hata tumboni. Anayeokoka huokolewa na dripu, sindano ya kuzuia kutapika, antibiotiki ya sindano, joto, na chakula laini kidogo kidogo mara tu anapoweza kukihifadhi. Hakuna tunachokitumia hapa kinachoua virusi vyenyewe. Tunamshikilia mbwa mpaka vidole viote tena.

Kuhusu mwingine: usilete mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo kwenye uwanja huo kwa mwaka mzima. Virusi hivi hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kisha umwagie Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uache dakika 10. Kwenye udongo Jik ni kupoteza hela. Bakuli lake lichome, kamba yake pia. Kama watoto hawawezi kungoja, tafuta mbwa mkubwa aliyechanjwa. Wenye mbwa hawa wa mitaani wana wengi wanaotaka kuwagawa.

Na huyo muuzaji. Mtoto wa mbwa wa wiki nane anaweza kuwa kweli amechomwa sindano moja, na bado akafa. Maziwa ya kwanza ya mama humpa kinga, na kinga hiyo hiyo huipiga chanjo ikija mapema. Hakuna ajuaye itaisha wiki gani, ndiyo maana tunaanza wiki ya 6 au ya 8, tunarudia kila wiki 3 au 4, na hatuachi kabla ya wiki ya 16. Mara nyingine uulize kadi yenye kibandiko cha chupa na tarehe. Uulize pia chanjo ilitoka kwenye friji au kwenye mfuko wa suruali. Nimeyaona yote mawili.

Watoto wako hawataambukizwa na parvo ya mbwa. Wanaweza kumlilia kwa amani.

*Daktari, mimi nauza nafaka hapa mpakani. Mahindi yangu magunia manne yalikataliwa kwa sababu ya ukungu. Kuyatupa niliona dhambi, nikayasaga nikawapikia mbwa posho. Sasa wawili wanatapika na mmoja macho yake ni ya njano. Nipe jina la dawa ya tumbo. — Mfanyabiashara, Busia*

Ndugu yangu, hii si ya tumbo, ni ya ini, na ningependa uwe umeacha kusoma na kwenda kuimwaga hiyo sufuria. Ukungu ule huacha sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Wewe wa mpakani unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sumu hiyo hiyo. Hawakuwa wanatania. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mbwa ni dhaifu kuliko sisi kwa sumu hii, na hula sufuria moja kila siku bila kubadilisha.

Macho ya njano, kinyesi cheusi, ufizi unaovuja damu: ini limeshindwa hata kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Wapeleke wote kwa daktari leo, pamoja na yule anayeonekana mzima. Magunia yaliyobaki usiwape kuku wala nguruwe, na usimpe jirani. Ng'ombe wa maziwa ndiyo kabisa, sumu hutokea kwenye maziwa mkaja kuinywa kwenye chai.

*Afande daktari, mimi ni mlinzi wa usiku. Mbwa wetu German Shepherd wa miaka miwili anakula kuliko mbwa wengine wawili, lakini mbavu unazihesabu. Kinyesi chake ni lundo kama la ndama, rangi ya majivu ya manjano, kina mafuta, na akimaliza anakigeukia kukila. Bosi anasema ni minyoo. Tumempa dawa ya minyoo mara nne. — Mlinzi, Tororo*

Mimi si afande, kaka, lakini kwa barua hii ningekupandisha cheo. Umeandika kila kitu ambacho mimi nilishindwa kukiona.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Kampuni moja ya ulinzi ililetea zahanati niliyokuwa nafanya kazi mbwa wa aina hiyo hiyo, umri huo huo, akiwa na njaa ya kutisha. Alikula sabuni yetu. Nilimpa dawa ya minyoo, wiki tatu baadaye nikampa tena, kisha Flagyl siku kumi, kisha dawa ya minyoo ya mara ya tatu kwa sababu sikuwa na la kusema mbele ya mwenyewe. Kinyesi sikukipima hata mara moja. Mwisho wakasema hawawezi kulisha mbwa asiyenenepa, wakaomba nimlaze usingizi wa milele. Nikamlaza. Jioni ile nilimpasua kwa sababu moyo ulikuwa hautulii. Minyoo hakuna. Utumbo safi. Lakini pale kwenye kona ya utumbo wa kwanza, mahali kongosho linapolala kama ulimi wa rangi ya waridi, palikuwa na utando mwembamba ambao niliweza kuona kidole changu upande wa pili.

Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Kwenye jamii ya German Shepherd hutokea seli zake zikanyauka mbwa akiwa bado kijana. Na haionyeshi mapema: dalili huja baada ya sehemu 90 katika 100 za uwezo wake kupotea. Kuanzia hapo mbwa anakula, chakula kinapita bila kusagwa, anakufa njaa akiwa na bakuli lililojaa. Anakula kinyesi chake kwa sababu chakula bado kimo ndani.

Kipimo cha damu cha kuthibitisha kipo duniani ila si kila kliniki hapa kwetu inacho. Kwangu hakipo. Kwa hiyo baada ya kupima kinyesi na kuwaondoa minyoo na Giardia kwenye orodha, mimi hujaribu tiba, na tiba iko machinjioni. Kongosho bichi la ng'ombe aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Mwambie mchinjaji kabla, maana wengi hulitupa pamoja na takataka, na baadhi watakuletea bandama wakiapa ndilo lenyewe. Lisage, uligawe kwenye vifuko vidogo, uvigandishe. Kila mlo changanya gramu 30 mpaka 90 kulingana na ukubwa wa mbwa. Lisipikwe. Moto ukiligusa unabaki na nyama ya kawaida. Milo miwili au mitatu midogo kwa siku, mafuta yasizidi, na sindano za vitamini B12, kwa kuwa mbwa wa namna hii huwa amepungukiwa nayo.

Kama ni kongosho, ndani ya wiki moja au mbili lundo litapungua na mbavu zitaanza kujificha. Kama hakuna badiliko, nimekosea tena, na mlete. Mwambie bosi kwamba tiba hii ni ya maisha yote, lakini ni ya bei ya machinjioni.

*Habari daktari. Paka wangu nampa maziwa na posho yenye mchuzi wa mukene (dagaa). Anaharisha, na kila wiki anatapika mara mbili. Jirani anasema paka wote hutapika. — Mama wa paka wawili, Jinja*

Jirani yako amezoea vibaya. Kutapika mara mbili kila wiki si tabia, ni dalili.

Anza na maziwa, yaache leo. Paka wakubwa wengi hawana tena kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Sukari inabaki utumboni, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na wewe unafua mkeka. Mukene ni mzuri, ila kwanza uoshe mchanga, kwa sababu ule uliokaushwa chini ufukweni una changarawe ya kutosha kujenga jiko. Ukiuchemsha, usimwage supu. Paka anahitaji kitu kiitwacho taurini kilichomo kwenye nyama na samaki, kinayeyuka majini, na akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Posho iwe kidogo sana au isiwepo. Paka si mbwa mdogo.

Mlishe hivyo wiki mbili bila kuongeza kitu kingine, hata kipande cha sambusa. Akiendelea kutapika mlete pamoja na kikopo. Akiacha kula kabisa siku mbili, usingoje wiki zitimie, hasa yule mnene: paka mnene asipokula, mafuta ya mwili hukimbilia ini na kulijaza.

*Dada daktari, nina mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema paka atamdhuru mtoto na ameshatafuta gunia la kumtupia ng'ambo ya mto. Nampenda paka huyu. — Mke wa mwalimu, Arua*

Mama mkwe hakutunga. Kuna kijidudu kiitwacho Toksoplazma, na utumbo wa jamii ya paka ndio mahali pekee duniani kinapozaa na kutoa mayai. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto anaweza kudhurika. Mpaka hapo yuko sahihi, mpe heshima yake.

Lakini paka hutoa mayai hayo kwa wiki 1 mpaka 3 tu, kwa kawaida mara moja maishani, anapoambukizwa utotoni kwa kula panya au nyama mbichi. Na yakitoka hayaambukizi siku hiyo; yanahitaji siku 1 mpaka 5 kuiva. Choo chake kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine (mwalimu ana mikono miwili), njia hiyo imefungwa. Wewe vaa glavu ukilima bustani, osha mboga vizuri, na muchomo (nyama choma) wa kando ya barabara ambao ndani bado ni mwekundu usiule mpaka ujifungue. Nyama isiyoiva na udongo ndivyo ningevihofia kuliko paka mzee anayelala kwenye kiti. Kliniki ya wajawazito waulize kama wanaweza kukupima damu ujue kama ulishawahi kuambukizwa zamani.

Gunia mrudishie mama aweke mihogo.

*Mwalimu wa shule ya msingi, Moroto, anaandika: mbwa wa manyata wanaonekana wazima kabisa, hawaharishi. Kwa nini watu wa afya wanatuambia tuwape dawa ya minyoo?*

Kwa sababu mnyoo huu haumuumizi mbwa. Ni tegu mdogo sana, milimita chache, na mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu bila kukosa hamu ya kula. Anatoa mayai kwenye kinyesi, mayai yanashika manyoya yake, nyasi, maji. Mbuzi akiyameza anaota mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Mtoto anayecheza na mbwa akiyameza, naye vivyo hivyo, ila mfuko wake unaweza kukua miaka kabla tumbo halijavimba. Karamoja na majirani zenu wa Turkana mnajulikana na madaktari wa nchi nyingi kwa ugonjwa huu, na si sifa nzuri.

Mduara unakatwa mahali pawili. Ini au pafu lenye mifuko lisitupiwe mbwa: lichomwe, au lizikwe kwa kina asikolifikia. Na mbwa apewe prazikwanteli, kwa mpango mzuri kila wiki 6, kwa sababu tegu mpya huhitaji karibu muda huo kukomaa na kuanza kutaga. Dawa nyingi za minyoo za bei rahisi hazimgusi tegu huyu. Soma jina kwenye pakiti, usisome picha ya mbwa. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, hilo ni somo lako, mwalimu, wewe unalijua kuliko mimi.

*Shikamoo daktari. Niko S.5, nasoma biolojia na kemia. Nataka kujua: mnajuaje kinachoendelea ndani ya utumbo wa mnyama ambaye hawezi kusema? Na mtu anasomeaje kazi hiyo? — Mwanafunzi, Mbale*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mengi tunayoyajua juu ya utumbo, hata wa binadamu, tulifundishwa na mbwa, na mbwa hawakuulizwa. Pavlov wa Urusi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya usagaji chakula kwa mbwa. Yeye aliamini mishipa ya fahamu ndiyo inayoliamuru kongosho. Mwaka 1902, London, Bayliss na Starling walichukua kipande cha utumbo wa mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa yake yote ya fahamu, kisha wakatia asidi ndani. Kongosho likamwaga maji yake vilevile. Nani alipeleka habari, na waya zimekatwa? Wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga kwa asidi, wakaichuja, wakaichoma kwenye mshipa wa damu. Kongosho likamwaga tena. Habari ilikuwa imesafiri kwa damu. Mwaka 1905 Starling alianza kutumia jina la vitu hivyo vinavyosafiri: homoni. Neno unalolikariri kwa mtihani lilizaliwa na swali la utumbo wa mbwa.

Mwaka mmoja baada ya jaribio lile palizuka kesi kubwa London, Bayliss akishutumiwa kwamba mbwa mwingine wa kahawia hakutiwa dawa ya usingizi vizuri. Alishinda mahakamani, lakini watu walimjengea mbwa yule sanamu. Ukisomea kazi hii kumbuka pande zote mbili za hadithi.

Siku hizi tunauliza kwa upole zaidi. Fikiria taksi inayotoka Kampala kwenda Malaba. Foleti, vitamini mojawapo, ni abiria anayeshuka mapema, tuseme Mukono: hunyonywa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Vitamini B12 anashuka mwisho kabisa, Malaba, na hashuki mpaka konda maalumu amshike mkono. Kwa paka konda huyo hutengenezwa na kongosho peke yake, kwa mbwa hasa na kongosho. Sasa wewe umekaa kwenye damu, nyumbani kwao abiria. Foleti hajafika? Stendi ya Mukono imeharibika. B12 hajafika? Ama Malaba pameharibika, ama makonda wamegoma. Bila kumpasua mnyama. Maabara ya tumbo ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, hupima mambo ya namna hii kwa damu inayotumwa kutoka nchi nyingine pia. Pakibaki shaka tunaingiza kamera kwa mdomo na kuchukua vipande vidogo vya ngozi ya utumbo. Kwa vipande hivyo Roger Batt na wenzake, Liverpool, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kuna mbwa wa jamii ya Irish Setter ambao ngano inawaharibu vile vidole nilivyomweleza baba wa Kawempe. Ngano ikiondolewa, vidole vinasimama.

Kusoma: maliza S.6 na alama nzuri za biolojia na kemia, kisha udaktari wa wanyama Makerere, miaka 5. Utasoma ng'ombe zaidi kuliko mbwa, usikasirike, hiyo ndiyo nchi yetu. Watakaokucheka kwamba unasomea mavi ni wengi. Mimi ni mtoto wa Bombo, kwetu ni Waislamu na mbwa haingii ndani, na shangazi mmoja mpaka leo hapokei chai kutoka mkononi mwangu. Bibi ndiye aliyenitetea. Aliwakumbusha yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake.

Usingoje Makerere lakini. Chukua daftari. Mbwa wa kwenu, kila asubuhi, mpe kinyesi chake namba: 1 ni kokoto kavu, 2 ndiyo nzuri, kinaokoteka na hakiachi alama chini, 7 ni maji. Pembeni andika alikula nini jana. Baada ya miezi miwili nitumie.

*Mbwa wangu ana mfupa kooni, mate yanamtoka, taya limelegea, hawezi kumeza. Naingizaje mkono kuutoa? — Mbarara*

Usiuingize! Umeuona huo mfupa kwa macho yako? Mate, taya lililolegea, kushindwa kumeza: kichaa cha mbwa hujionyesha hivyo hivyo, na wengi wameumwa au kulambwa kwenye kidonda wakitafuta mfupa usiokuwepo. Mfungie peke yake, watoto wakae mbali, mwite daktari wa wanyama wa wilaya. Kama mkono umeshaingia, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii ukaombe chanjo. Kesho ni mbali.

*Mbwa anachechemea, nimempa diklofenaki yangu ya mgongo siku tatu, sasa anatapika damu. — Mukono*

Acha kidonge hicho sasa hivi. Kinatoboa tumbo la mbwa. Kliniki, leo, na pakiti uje nayo. Na walio na paka: Panadol, hata nusu, inaua.

*Daktari, paka wa fundi cherehani amemeza uzi, mwingine unaning'inia kwa nyuma. Niuvute taratibu? — Kisenyi, Kampala*

La. Upande mwingine huenda umejifunga chini ya ulimi, na utumbo umejikunja juu yake kama sketi ya marinda. Ukivuta, uzi unakata ukuta kama msumeno. Mfungue mdomo utazame chini ya ulimi, lakini usikate wala usivute. Mlete na uzi wake, na usimpe chakula njiani.